Treni zilipoacha kuja Treblinka

Mwanzoni mwa mwaka 1943 njaa iliingia Treblinka, kambi ya Wanazi ya kuulia Wayahudi nchini Poland. Si kwamba kabla ya hapo wafungwa walilishwa vizuri. Jiko la kambi lilitoa supu ya majimaji na kipande cha mkate, basi. Ila wafungwa wale, mia kadhaa waliobakizwa hai ili wafanye kazi, hawakuwa wakiitegemea supu ile. Walikula vilivyokuwemo kwenye mabegi na mafurushi ya watu walioshushwa kwenye treni: mikate, siagi, vitunguu, sukari. Wenye mafurushi walikuwa wameshakufa, mara nyingi hata saa mbili hazijapita.

Kisha treni zikapungua, halafu zikakatika. Marundo ya nguo yalipakiwa kwenye mabehewa kwenda Ujerumani mpaka uwanja ukabaki mtupu. Homa ya tifasi ikatembea mabwenini.

Richard Glazar, kijana kutoka Prague aliyefikishwa Treblinka Oktoba 1942, alisimulia kilichotokea baadaye, na hakujaribu kukipamba. Kurt Franz, naibu wa mkuu wa kambi, aliwaambia kwamba kuanzia kesho yake treni zinakuja tena. Nao wakafurahi. Kesho njaa itakwisha.

Sekondari tulikariri "Wayahudi milioni sita" kwa ajili ya mtihani, tukaandika, tukapata alama zetu. Hakuna aliyetuambia kuna watu waliowekwa mahali ambapo uhai wao ulitegemea watoto wa wenzao waletwe kuuawa, na kwamba baadhi yao waliishi miaka mingi baadaye wakiijua furaha ile waliyoihisi. Tangu niliposoma ushahidi wa Glazar sijaweza kuiangalia namba ile kama zamani. Halafu kuna jambo jingine, ambalo ndilo lililonifanya niandike: watu hawa waliofurahia treni, ndio hao hao waliokuja kuichoma kambi miezi michache mbele.

Tuwekane sawa kwanza kuhusu mahali penyewe, maana kambi za Wanazi hazikuwa za aina moja. Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyekuwa askari mtoto upande wa Wajerumani katika Vita ya Kwanza ya Dunia, kisha akahamia Berlin na kufundisha Kiswahili chuo kikuu, alikamatwa mwaka 1941 na kufungwa kambi ya Sachsenhausen. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944. Ile ilikuwa kambi ya mateso. Mfungwa alisajiliwa, akapewa namba, akatumikishwa na kushindishwa njaa, na akifa kifo chake kiliandikwa. Ndiyo maana tarehe ya Husen tunayo. Treblinka haikusajili waliofika. Haikuwa na mabweni ya kuwalaza, kwa kuwa hakuna aliyekusudiwa kulala. Ilijengwa kwa kazi moja, na ilikuwa ndogo mno kwa kazi iliyoifanya: kama mita 400 kwa 600, katikati ya misonobari, kilomita zipatazo 80 kaskazini-mashariki ya Warsaw. Wajerumani walioiendesha hawakuzidi 40. Walisaidiwa na walinzi wapatao 100 waliofunzwa kambi ya Trawniki, wengi wao wakiwa mateka wa jeshi la Kisovieti waliokubali kuwatumikia Wajerumani.

Treni ya kwanza kutoka geto la Warsaw, yaani mtaa walikofungiwa Wayahudi wa mji huo, iliingia tarehe 23 Julai 1942. Hadi mwisho wa mwaka huo waliouawa walikuwa 713,555. Namba hii haikutoka kwa Wayahudi, wala haikutoka kwa majeshi yaliyoishinda Ujerumani. Imo kwenye telegramu ya tarehe 11 Januari 1943 iliyotumwa na Hermann Höfle, ofisa wa SS (kikosi cha Wanazi kilichosimamia kambi) huko Lublin, akitoa hesabu ya mwaka kwa wakubwa wake. Waingereza waliinasa hewani bila kujua inazungumzia nini, ikakaa kwenye makabrasha mpaka mwaka 2000 mtafiti mmoja alipoing'amua. Kwenye mstari wa Treblinka pameandikwa 71,355. Tarakimu moja ilidondoka. Ukijumlisha kambi nne zilizotajwa kwenye telegramu hiyo, jumla iliyoko chini, 1,274,166, haikubali mpaka uirudishe ile tano. Hicho ndicho ninachokiona kigumu kukimeza: kulikuwa na karani. Na hesabu hiyo haijagusa mwaka 1943.

Namna watu walivyouawa nitaipita haraka. Treni ilisimama stesheni ya kijiji, mabehewa 20 yakasukumwa ndani kwa mara moja, kwa kuwa jukwaa la kambi halikuchukua zaidi. Waliambiwa wamefika kituo cha mpito, wataoga, nguo zitapulizwa dawa, safari itaendelea. Wanaume upande huu, wanawake na watoto upande ule. Wavue nguo, wafunge viatu jozi jozi kwa kamba. Wanawake wakanyolewa nywele. Baada ya hapo palikuwa na njia nyembamba yenye seng'enge pande zote, iliyofichwa kwa matawi ya misonobari, ambayo Wajerumani waliiita Barabara ya Mbinguni. Mwisho wa njia palikuwa na jengo la matofali, na nyuma yake injini iliyosukuma moshi wake ndani ya vyumba. Wazee, wagonjwa na watoto waliokuwa peke yao walipelekwa pembeni, kwenye kibanda chenye bendera ya msalaba mwekundu kilichoitwa hospitali. Ndani kulikuwa na shimo lenye moto, na mtu mwenye bastola.

Mkuu wa kwanza wa kambi, Irmfried Eberl, alikuwa daktari aliyeanza kwa kuwaua wagonjwa wa akili wa Kijerumani kwa gesi. Alitaka sifa, akapokea treni nyingi kuliko alizoweza kuziua, maiti zikalala kila mahali. Mwishoni mwa Agosti 1942 akaondolewa. Wakubwa wake hawakumwondoa kwa huruma, walitaka utaratibu. Aliyeletwa kuutia utaratibu ni Franz Stangl, polisi wa Austria aliyekuwa anaiongoza kambi ya Sobibor. Stangl akajenga vyumba kumi vipya vya gesi. Akajenga pia stesheni ya uongo, na madirisha ya tiketi yasiyofunguka, mbao za kuelekeza abiria wa Białystok, na saa ya ukutani ambayo mishale yake ilikuwa imechorwa kwa rangi.

Wafanyakazi walipatikana papo hapo kwenye jukwaa. Samuel Willenberg, wa miaka 19, alishuka kwenye treni iliyotoka Opatów. Mfungwa mmoja aliyekuwa akifanya kazi pale alimnong'oneza: sema wewe ni fundi mwashi. Kwa bahati alikuwa amevaa koti la kazi la baba yake, mchoraji aliyepamba masinagogi, lililojaa madoa ya rangi. Mjerumani alipouliza nani mwashi, Willenberg akasimama, koti likamshuhudia. Wenzake wote wa treni ile wakaenda. Baadaye, akiwa anachambua nguo uwanjani, alikuta koti dogo ambalo mikono yake ilikuwa imerefushwa kwa kitambaa cha kijani. Mama yake ndiye aliyekishona kitambaa kile, mdogo wake wa kike alipokua koti likaanza kumbana. Hivyo ndivyo alivyopata habari za mdogo wake.

Wiki za mwanzo wafanyakazi nao hawakudumu. Walichaguliwa asubuhi, wakafanyishwa kazi, jioni au kesho yake wakapigwa risasi, wakachaguliwa wengine. Hali ilibadilika baada ya tarehe 11 Septemba 1942. Jioni hiyo, kwenye foleni ya kuhesabiwa, Meir Berliner, Myahudi aliyekuwa ameishi Argentina na ambaye mkewe na bintiye walikuwa wameuawa humo humo, alichomoka na kisu akamchoma Max Bialas, mmoja wa wasimamizi wa SS. Bialas akafa. Berliner aliuawa pale pale, na zaidi ya watu 100 wakauawa kulipiza kisasi. Lakini Wajerumani walijifunza jambo: mtu anayejua kwamba leo ni leo, hana cha kupoteza. Wakaanza kuwaweka wafanyakazi wa kudumu. Kikosi cha utepe wa buluu kilipokea treni na kusafisha mabehewa, cha utepe mwekundu kilisimamia uvuaji nguo. Wengine walichambua nguo, wengine walipima dhahabu na vito, wengine walileta kwa zamu kutoka msituni matawi mabichi ya kusukia ua ili ndani pasionekane. Wakiumwa, ile hospitali yenye bendera.

Hapa ndipo maisha yao yanapokuwa ya ajabu kwa msomaji. Walivaa vizuri. Mashati mazuri, buti za ngozi, skafu za hariri, vyote vya waliouawa, na shati likichafuka unatupa unachukua jingine. Walinyoa ndevu kila siku, wakajipaka manukato. Mtu asiyejua angesema wamesahau msiba. Kumbe uso ndio uliokuwa kibali cha kuishi. Anayeonekana mchovu, mwenye ndevu, aliyevimba shavu kwa mjeledi, huyo ndiye aliyetolewa kwenye foleni jioni. Aliyepigwa usoni alijua ameshawekwa alama, na wenzake walijua pia.

Fedha zilikuwa nyingi kuliko chakula. Noti za kila nchi zilitapakaa mchangani, almasi zilishonwa kwenye mikunjo ya sketi, na kushikwa na chochote kati ya hivyo ilikuwa risasi. Bado walivificha. Usiku vilibadilishwa na walinzi wa Trawniki kwa mkate na nyama, kwa bei ambayo ingenunua nyumba Warsaw. Arthur Gold, mwanamuziki aliyejulikana Warsaw nzima kabla ya vita, alilazimishwa kuunda bendi ikawa inapiga wakati wa kuhesabiwa. Usiku wengine walisali sala ya maiti gizani. Wengine walijinyonga, na aliyetaka kufa hakuwa na haja ya kujificha na wenzake. Wapo walioombwa kusukuma sanduku, wakalisukuma. Sijui unaweza kumwambia nini mtu aliyelisukuma, na nadhani asiyekuwepo hana ruhusa ya kusema.

Upande wa juu wa kambi, ambako vyumba vya gesi vilikuwa, kulikuwa na kundi jingine la wafungwa. Hao walitoa maiti, wakang'oa meno ya dhahabu, wakazika. Hawakuruhusiwa kuonana na wa chini. Wengi walikuwa majirani kwa miezi bila kujuana majina. Aliyevuka mpaka huo alikuwa Jankiel Wiernik, fundi seremala. Kila mahali palihitaji mlango, kibanda, mnara wa mlinzi, naye akawa anapita na msumeno wake. Umri wake ulikuwa zaidi ya miaka 50, Treblinka ule ulikuwa uzee. Ujumbe wa siri kati ya kambi mbili ulipita kwake.

Basi turudi kwenye zile treni alizozitangaza Kurt Franz, Machi 1943. Treni zilizoletwa zilitoka Balkani, zikiwa na Wayahudi zaidi ya 11,000 wa Thrace na Makedonia. Maeneo hayo yalikaliwa na Bulgaria, na ni serikali ya Bulgaria iliyowakabidhi. (Bulgaria husifiwa kwa kuwakatalia Wajerumani Wayahudi wake yenyewe, na sifa hiyo ni ya kweli. Lakini hawa walikuwa mikononi mwake vile vile.) Walisafiri siku nyingi, wakiwa na vyakula vya safari. Kambi ikala. Glazar anasema ni hapo walipojiona walivyo. Walikuwa wamegeuka kuwa sehemu ya mtambo, na mtambo ukikosa cha kusaga, unawasaga wao.

Wakati huo huo jambo jingine lilikuwa likiendelea upande wa juu. Himmler, mkuu wa SS yote, alifika mapema mwaka 1943, na amri ikatoka kwamba maiti zilizozikwa zifukuliwe zichomwe. Vyuma vya reli vilipangwa juu ya nguzo za zege kama chaga za kuchomea, matingatinga yakachimbua mashimo, maiti zikapangwa kwa maelfu. Moto uliwaka mchana na usiku kwa miezi. Mifupa iliyobaki ilisagwa na wafungwa, ikachanganywa na mchanga, ikarudishwa shimoni. Mfungwa hakuhitaji kuambiwa maana yake. Wanafuta ushahidi, na ushahidi wa mwisho ni sisi. Mashimo yalipokaribia kuisha, wa upande wa juu wakatuma ujumbe chini: mkichelewa, tutaanza wenyewe.

Mpango ulikuwepo tangu mapema. Mmoja wa walioubuni ni Julian Chorążycki, daktari aliyewekwa kuwatibu Wajerumani. Alikusanya fedha za kununulia silaha kwa walinzi. Aprili 1943 Kurt Franz akamkuta nazo. Daktari akapambana naye, kisha akameza sumu, wakamchapa maiti yake kwa hasira. Hakutaja mtu. Kilichofungua njia hasa ni kitu kidogo: kufuli la ghala la silaha liliharibika, akaitwa fundi wa Kiyahudi alitengeneze, naye akachonga ufunguo wa pili.

Jumatatu tarehe 2 Agosti 1943 ilikuwa siku ya joto kali. Franz na baadhi ya Wajerumani na walinzi walikwenda kuogelea mto Bug. Vijana wanaotumika kwenye makazi ya SS wakaanza kutoa bunduki na mabomu ya mkono, wakavipitisha kwenye mkokoteni. Walionusurika wanasema mfungwa aliyezoea kupuliza dawa kwenye majengo alipuliza petroli siku hiyo, na hakuna aliyemtilia shaka. Ishara ilipangwa saa kumi na nusu jioni. Nusu saa kabla, msimamizi Kurt Küttner akawashika vijana wawili na fedha, akaanza kuwahoji. Watu wakahofia watasema. Mtu akampiga Küttner risasi, na mambo yakaanza kabla hayajawa tayari. Waya wa simu haukuwa umekatwa, walinzi wa minarani walikuwa bado wako juu na bunduki zao, na silaha nyingi hazikuwa zimewafikia waliozisubiri. Tangi la mafuta likalipuka, mabanda ya mbao yakawaka. Jengo la gesi, kwa kuwa lilikuwa la matofali, halikuungua.

Siku hiyo kambini walikuwemo wafungwa zaidi ya 800. Wengi waliuawa kwenye seng'enge au hatua chache baada ya kuivuka, na waliofika msituni waliwindwa kwa farasi na magari. Waliouona mwisho wa vita ni wapatao 70. Wiernik anasimulia kwamba mlinzi alimfikia, risasi ikampata begani, akageuka akamkata kwa shoka. Glazar na rafiki yake Karel Unger walivuka Poland, wakajifanya vibarua wa Kicheki, wakaajiriwa kiwandani Mannheim, ndani ya Ujerumani yenyewe, wakakaa humo mpaka Wamarekani wakaja. Willenberg alirudi Warsaw, akapigana kwenye uasi wa 1944, akahamia Israel. Alipokuwa mzee alianza kufinyanga sanamu za shaba za watu wa kambini. Alifariki Februari 2016 akiwa na miaka 93, wa mwisho kati yao.

Kambi haikufa siku ya moto. Agosti hiyo hiyo treni kutoka Białystok ziliingia na watu wakauawa kama kawaida. Kisha ikavunjwa. Kufikia Novemba 1943 pale pote palilimwa na kupandwa, ikajengwa nyumba ya mkulima, akawekwa mlinzi mmoja wa zamani na familia yake aseme amekuwa analima hapo. Vita ilipoisha watu wa vijiji vya jirani walikuja na majembe kuchimbua majivu, wakitafuta dhahabu.

Kuhusu haki, nitasema kwa kifupi kwa kuwa ni fupi. Eberl alijinyonga rumande mwaka 1948. Stangl alitorokea Syria, kisha Brazil, ambako aliajiriwa kiwanda cha Volkswagen kwa jina lake halisi. Alikamatwa 1967 na kuhukumiwa kifungo cha maisha Desemba 1970. Alipohojiwa gerezani alisema aliwaona wale watu kama shehena. Moyo ulisimama Juni 1971. Franz alikutwa mwaka 1959 na albamu ya picha za Treblinka, juu yake ameandika kwa Kijerumani "Nyakati Nzuri". Mahakama ya Düsseldorf ilimpa maisha mwaka 1965, pamoja na wenzake watatu. Wengine watano walipata kati ya miaka 3 na 12, mmoja akaachiwa. Franz alitolewa mwaka 1993 kwa sababu za kiafya, akaishi uraiani miaka mitano.

Ushahidi wa waliotoroka ndio uliofanya kesi hizo ziwezekane, na wengine walikuwa wameshautoa zamani. Abraham Krzepicki alitoroka baada ya siku 18 tu, akarudi geto la Warsaw, akawasimulia wanahistoria wa siri wa Emanuel Ringelblum, wakaandika na kufukia ardhini. Yeye aliuawa katika uasi wa geto mwaka 1943. Maandishi yakafukuliwa baada ya vita. Wiernik aliandika kijitabu akiwa mafichoni, kikachapwa kwa siri Warsaw mwaka 1944 na kusafirishwa kwa njia za panya mpaka London.

Wapo wanaokanusha hadi leo, utawakuta hata kwenye makundi yetu ya WhatsApp, na hoja yao ni ile waliyoandaliwa na Himmler: yako wapi majengo, ziko wapi maiti? Kuanzia mwaka 2010 mwanaakiolojia wa Uingereza, Caroline Sturdy Colls, alipima ardhi ya Treblinka, kwa sehemu kubwa kwa vifaa vinavyoona chini bila kuchimba, maana sheria ya Kiyahudi inakataza kusumbua makaburi. Mashimo yalionekana. Palipokuwa na vyumba vya gesi pakachimbwa kidogo, zikatoka kuta za msingi na vipande vya vigae vya rangi ya machungwa, vyenye alama ya nyota ya kiwanda kimoja cha Poland. Walionusurika walikuwa wamevitaja vigae vile miaka mingi kabla. Viliwekwa ili pafanane na bafu.